Tahadhari: Diski ya nje ya terabaiti 2 iliyokuwa na gigabaiti 64 tu ndani yake

Ninaandika kuwatahadharisha wenzangu wa Nairobi wanaotafuta diski ya nje kwa pesa chache, hasa wanafunzi na sisi wapigapicha wadogo. Mwezi uliopita nilinunua, katika kibanda kimoja karibu na Barabara ya Luthuli, diski iliyoandikwa terabaiti 2 (yaani gigabaiti 2,000 hivi) kwa shilingi 3,500, ilhali maduka mengine niliyopitia yalikuwa yakitaka zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Muuzaji aliichomeka kwenye kipakatalishi chake, nikaona terabaiti 2 kwa macho yangu, nikalipa kwa M-Pesa kwenye nambari yake binafsi ya simu na kuondoka bila risiti.

Nilichoonyeshwa hakikuthibitisha chochote. Tarakilishi haiipimi diski; huiuliza ukubwa wake, na programu ndogo iliyomo ndani ya diski ghushi huwa imechezewa ili ijibu uongo. Nilipoipasua baadaye sikukuta sahani ya kuzunguka ambayo diski ya kawaida huhifadhia data, bali kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64 na vipande viwili vya chuma vilivyogandishwa kwa gundi ili kifaa kiwe kizito mkononi.

Ubaya mkubwa wa kifaa hiki ni kwamba hakikatai faili. Nilinakili picha za arusi tatu, takriban gigabaiti 180, majina yote yakaonekana, nami nikafuta nakala za kwenye kipakatalishi ili nipate nafasi. Kumbe orodha ya majina ilikuwa imeandikwa mahali penye kumbukumbu ya kweli, ilhali picha zilizozidi uwezo wa kadi hazikuhifadhiwa popote. Arusi mbili hazifunguki hata kidogo. Imenibidi niwapigie simu maharusi hao na kuwaeleza kwamba kilichobaki ni picha 40 nilizokuwa nimewatumia kwa WhatsApp, na sitaki mwingine apige simu kama hiyo.

Dalili zilikuwepo. Diski ya kweli yenye sahani huvuma kidogo inapoanza kuzunguka, na ukiiweka kiganjani utahisi mtetemo; yangu ilikuwa kimya kabisa. Unakili nao ulikuwa wa kujikokota hata kwenye tundu la kasi la USB 3.0. Anayekuuzia diski ya mfukoni ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha wiki anakudanganya waziwazi, kwa kuwa diski za sahani za ukubwa huo hazitengenezwi kwa umbo dogo hivyo. Kwa upande mwingine, msishtuke diski halali ya terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931 kwenye Windows, kwani tofauti hiyo inatokana na namna ya kuhesabu tu.

Kipimo cha kuaminika ni kuijaza diski yote na kuisoma tena. Programu ya H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux na Mac. Zote ni za bure. Diski ya terabaiti 1 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itachukua karibu saa tatu kuandikwa na nyingine tatu kusomwa, kwa hiyo kubalianeni na muuzaji kabla ya kulipa kwamba mtairudisha ikishindwa, na akubali kwa maandishi kwenye risiti. Mimi niliporudi siku ya nne, alikana kwamba amewahi kuniona.

Kwa shilingi chache, naona ni heri diski halali ya gigabaiti 500 iliyotumika kuliko terabaiti za uongo. Ikaguliwe kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha saa ambazo diski imewashwa na sehemu zilizoharibika: mwaka mzima una saa 8,760, hivyo diski inayoitwa mpya huku ikionyesha saa 20,000 ni kuukuu iliyovalishwa kava jipya.

Bidhaa kama hizi huripotiwa kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, nanyi mhifadhi kifaa, kasha lake na ujumbe wa malipo. Ikiwa tayari unayo diski uliyonunua kwa njia niliyoeleza, usiongeze faili nyingine leo. Fungua zilizomo moja baada ya nyingine, nakili kwingine zile zinazofunguka, na ikiwa bado una nakala asili kwenye simu au kadi ya kamera, usizifute.