Pale ale: kopo au chupa?

Kwenye pale ale, aina ya bia ya rangi ya dhahabu, harufu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ndiyo bia yenyewe, na maadui zake ni mwanga, hewa na joto. Kwa mwanga, kopo halina mpinzani. Chupa ya kijani ikiachwa juani nje ya duka pale Kirumba, Mwanza, haichukui muda kunuka kicheche. Ya kahawia huvumilia zaidi. Hewa hupenya taratibu kwenye kizibo cha chupa, lakini kopo lililojazwa vibaya nalo huharibika: ukionja karatasi iliyolowa, hewa imeingia. Joto halichagui, na joto la Mwanza tunalijua. Soma tarehe chini ya kopo. Iliyokaa miezi mitatu nje ya friji usiitegemee kwa harufu ya machungwa.

Ile "ladha ya bati" inayolalamikiwa? Kopo lina utando ndani. Unachonusa ni ukingo unaogusa mdomo. Mimina kwenye glasi safi, bia ikiwa na nyuzi joto 7 hadi 10, unuse povu likiwa bado limesimama.

Kwa bei, chupa ya kurudisha, pale inapopatikana, humfaa anayenywea jirani na duka. Unayevuka ziwa kwenda kisiwa cha Ukerewe, beba makopo: ni mepesi, hayavunjiki, hupoa upesi barafuni, ingawa hupata joto upesi vilevile.