Tajiri au Wanachama: Nani Aishike Klabu?

Uvumi wa klabu ya soka kuuzwa ukifika vijiweni Mwembe Tayari, Mombasa, ubishi ni uleule: ishikwe na tajiri mmoja, au na wanachama, yaani mashabiki wenyewe kwa kura zao?

Kwa fedha, tajiri anashinda. Manchester City ilibadilika Sheikh Mansour alipoinunua 2008. Lakini kuna tajiri na tajiri: akina Glazer, familia ya matajiri wa Marekani, waliichukua Manchester United 2005 kwa mikopo, deni wakaibebesha klabu yenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa uthabiti, Abramovich, tajiri wa Urusi, aliiinua Chelsea, kisha vikwazo vya serikali ya Uingereza vya 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, vikamtoa. Wanachama hawaondoki hivyo, ingawa Barcelona ni yao na bado ilizama kwenye madeni.

Sauti ya shabiki? Wanachama, bila ubishi.

Unayetaka kombe upesi, ombea tajiri mwenye pesa zake. Uliye radhi kungoja, elekea kwa wanachama. Shabiki wa Bandari, klabu ya hapa Mombasa inayotegemea Mamlaka ya Bandari ya Kenya, aulize kwanza nani atalipa mishahara mamlaka ikijitoa.