Unajenga kokpiti nyumbani? Kabla ya kununua joistiki, ule mpini wa kuongozea ndege, uliza ndani kuna nini

Kiangazi kilichopita nilikuwa nashusha Q400, ndege ya abiria ya panga boi, hapa uwanja wa Tabora, kwenye simyuleta, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, mkono nimeutoa kabisa nanywa maji, ndege ikaanza kulalia kushoto yenyewe. Nairudisha, inalala tena. Joistiki ina miezi minne tu, nimeilipia laki mbili na nusu ya kujibana kweli kweli.

Nikafungua skrubu za chini. Ndani nikakuta kidude kilekile cha volyumu ya redio, mafundi wanakiita potenshiometa, kijimkono kinakwaruza juu ya utepe mweusi wa kaboni. Utepe umejaa vumbi la hapa Kanyenye na pale katikati umeshalika, una mchirizi. Si unajua redio ya zamani ukigusa volyumu inakoroma? Ndo hivyohivyo, ila hapa inayotikisika ni ndege.

Kwa hiyo habari za vitufe vingapi na taa za rangi leo siziongelei. Swali ni moja tu, sensa, yaani kile kidude cha ndani kinachosoma mpini umeelekea wapi, ni ya sumaku au ya kukwaruza? Ya sumaku haigusani na kitu, kwa hiyo hakuna cha kulika.

Namba moja ni VKB Gladiator NXT na sifichi, naipenda sana. Sensa zake hazigusani, springi unabadilisha ukitaka mkono mzito au mwepesi, na kwenye kitako kuna throto ndogo ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, kwa hiyo unaanza kuruka bila kununua nyingine pembeni. Shida ni kuagiza nje, ushuru na usafiri vijumlishe mapema usije ukashtuka.

Namba mbili Thrustmaster T.16000M. Kulia na kushoto, mbele na nyuma, ni sumaku, na anayetumia mkono wa kushoto anaigeuza ikamkaa. Lakini ile ya kusokota mpini, inayoendesha usukani wa mkia, bado ni ya kukwaruza na hilo hakuna muuzaji atakwambia. Kaka mmoja wa Ujiji aliniandikia kila akipaa ndege inamtoka nje ya ranwei, nikamwambia zima kusokota kwenye setingi, akazima, ikanyooka. Sasa anadunduliza hela ya pedali, aendeshe usukani wa mkia kwa miguu.

Namba tatu Honeycomb Alpha, huu ni usukani wa kushika kwa mikono miwili, unazunguka digrii 180 na una swichi za taa na betri hapohapo. Mtamu kwa ndege za abiria ila unataka meza nzito na mfuko mzito.

Za bei rahisi kama Logitech Extreme 3D Pro ni za kukwaruza. Ukichukua, ifunike kitambaa kila ukimaliza.

Na nyie wauzaji jamani, kila picha "bei njoo inbox", ukienda inbox unaulizwa uko wapi, ukisema Tabora bei inapanda. Mimi yangu nilipolalamika nikaambiwa dada umeichezea vibaya, mali ikishauzwa hairudi. Miezi minne! Na nauli ya kuirudisha Dar kwa basi ni juu yangu.

Ukienda dukani beba laptop. Ichomeke, andika joy.cpl kwenye Windows, fungua propatizi, achia mkono uangalie ile alama ya kujumlisha. Ikitulia katikati, sawa. Ikicheza hata kidogo, au muuzaji akikataa kufungua boksi, hela yako irudishe mfukoni uondoke.