Dawa za chango sokoni Mtwara: ipi inastahili hela yako

Ukiuliza dawa ya chango la hedhi kwenye meza za viungo, utaonyeshwa tangawizi, unga wa kipakiti uliokwisha changanywa, au chupa ya mizizi iliyolowekwa. Hela iende kwenye tangawizi.

Maumivu yale yanaletwa na prostaglandini, kemikali za mwili zinazoubana mji wa mimba, na tangawizi hupunguza utengenezwaji wake. Katika utafiti wa Iran uliochapishwa 2009, wanawake waliotumia gramu 1 ya unga wake kwa siku, ikigawanywa mara 4, kwa siku 3 za mwanzo, walipata nafuu sawa na waliomeza ibuprofeni, dawa ya maumivu.

Chagua mzizi uliokaza ngozi. Ukiuvunja ulie na harufu ipande puani. Uliosinyaa ni nyuzi tupu. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kioshe, kiponde na maganda yake, kitie kwenye vikombe 2 vya maji, funika, moto mdogo dakika 15. Chuja. Nusu asubuhi, nusu jioni, baada ya kula, maana tumbo tupu litakupa kiungulia. Wengi wanasema haisaidii kwa sababu wanangoja mpaka wamejikunja kitandani. Anza siku moja kabla ya damu, au tone la kwanza likionekana.

Unga mkavu nao unafaa: nusu kijiko cha chai ni kama gramu 1. Ila unyevu wa pwani hauna huruma. Ukikuta mabonge au harufu ya ukungu, rudisha.

Kipakiti cha mchanganyiko ni kubahatisha. Muuzaji atakutajia uwatu, habasoda na mdalasini, lakini kiasi cha kila kimoja hakisemi. Tafuta namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kama haipo, kiache mezani. Na kama hedhi imechelewa, pima mimba kwanza, uwatu haumfai mjamzito.

Chupa ya mizizi? Legeza kifuniko. Ikitoa "psss" na povu, imeshachacha.

Mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuanza tangawizi. Pedi ikijaa ndani ya saa moja, homa ikipanda, ukitokwa uchafu wenye harufu, au maumivu yakizidi kila mwezi, hapo si suala la sokoni tena: nenda hospitali ya Ligula, na aliye Lindi aende hospitali ya Sokoine.