Nililipia Grand Canyon siku moja kutoka Las Vegas: uzoefu wangu na mama

Sebuleni kwa mama, Moshi, kuna kalenda ambayo mwaka wake ulishapita zamani lakini hairuhusiwi kutolewa ukutani. Picha yake ni mto wa kijani unaolizunguka jabali jekundu: unakwenda, unapinda, unarudi karibu na ulikotoka. Chini ya picha pameandikwa Grand Canyon. Mama alipopata viza akaja kunitembelea Dallas, Oktoba 2023, hakuniuliza habari za maduka wala maghorofa. Aliniambia, "Mwanangu, nataka kuuona ule mto kabla magoti hayajagoma kabisa."

Nilikuwa na miaka minane Marekani, na nilichokijua kuhusu Grand Canyon ni kwamba iko Las Vegas. Niliowauliza kazini walinijibu vilevile: nenda Vegas, mabasi utayakuta. Nikakata tiketi za ndege, nikaingia mtandaoni, nikalipia ziara ya siku moja. Tangazo lilikuwa na picha ileile ya kalenda ya mama, mto na jabali lake. Kampuni siitaji, maana wanaouza safari hii ni wengi na maneno yao yanafanana. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kumleta mzazi wake huku, asije akafanya nilichofanya mimi.

Basi lilitufuata hotelini saa kumi na mbili asubuhi. Safi, viti vizuri, dereva mpole aliyemshika mama mkono kila alipopanda na kushuka. Kwa huduma ya njiani sina lawama hata moja. Kabla saa moja haijaisha tukasimama kwenye ukuta mkubwa wa zege katikati ya magenge, watu wakakimbilia kupiga picha. Abiria wa kiti cha nyuma alikuwa kwenye simu ya video akimwambia mwenzake kuwa tumefika Grand Canyon. Hatukuwa tumefika. Lile ni bwawa la Hoover, lililojengwa miaka ya 1930, kimo chake mita 221, upande mmoja Nevada na upande wa pili Arizona. Limezuia mto uleule wa Colorado, ni kweli, lakini korongo lililopo pale linaitwa Black Canyon. Grand Canyon inaishia kabla mto haujafika hapa, kwenye magenge ya Grand Wash, ndipo maji yanaingia Ziwa Mead, na bwawa liko mwisho wa ziwa hilo. Nani angetueleza hayo? Tulipewa dakika ishirini za picha, tukaondoka.

Tulipofika getini nikatoa kadi yangu ya mwaka ya hifadhi za taifa, ile inayokuingiza hifadhi zote za serikali. Yule dada wa getini akanieleza kwa upole kwamba kadi ile haitumiki pale, kwa sababu pale si Hifadhi ya Taifa. Ni Grand Canyon West, ardhi ya kabila la Wahualapai, na wao ndio wanaoiendesha. Nikamwonyesha picha ya tangazo kwenye simu, nikauliza huu mto wa kupinda uko upande gani. Akasema hauko huku kabisa. Uko mwendo wa saa nyingi kwa gari.

Nilishikwa na hasira ambayo mama aliiona kabla sijafungua mdomo. Akaniambia, "Usimgombeze huyu binti, hakuchapisha tangazo. Hii ni kama wale wazungu wanaouziwa Kilimanjaro Nairobi. Wanapelekwa Amboseli, wanauona mlima kwa mbali, wanarudi kwao wakisema uko Kenya." Mama amefundisha Jiografia shule ya msingi karibu miaka thelathini, na hilo la mlima wetu halijawahi kumtoka rohoni.

Lakini lazima niseme haki. Baadhi ya watu hudai huu upande wa magharibi ni Grand Canyon ya bandia. Si kweli. Korongo ni lilelile, linalochongwa na mto uleule. Ni sehemu yake ya chini, karibu na mwisho. Pale Guano Point, ambapo bado kuna mabaki ya mitambo ya waliokuwa wakichimba mbolea ya popo, unauona mto vizuri pande mbili, na mama alikaa juu ya jiwe akatazama bila kusema neno. Daraja la kioo la Skywalk, lililofunguliwa 2007, nalo linavutia kama moyo wako una nguvu. Ila usitegemee kuona mto wa Colorado chini ya miguu yako, kama wengi wanavyodhani. Chini ya kioo ni korongo la pembeni. Mto uko mbele, kwa mbali. Ukijua unakwenda Grand Canyon West, kwa Wahualapai, nenda na ufurahi, maana ndiyo sehemu ya korongo unayoweza kuifikia na kurudi Vegas siku hiyohiyo bila kuchoka sana. Kosa ni kuiuza kwa picha ya mahali pengine.

Usiku ule hotelini sikulala. Nilikaa na ramani mpaka nikaelewa, na nikajisikia vibaya kwamba sikuifungua kabla ya kulipa. Grand Canyon yote iko Arizona, ilhali Las Vegas iko Nevada. Urefu wake, ukifuata mto, ni kilomita 446. Mtu anaposema anakwenda Grand Canyon ni kama mtu aseme anakwenda Ziwa Tanganyika. Lazima umuulize, Kigoma au Kasanga? Picha nyingi za korongo pana lenye matabaka ya rangi zimepigwa South Rim, yaani ukingo wa kusini, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1919. Kutoka Vegas ni kilomita 450 hivi, kama Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwenda na kurudi kwa siku moja utashinda ndani ya gari. Na mto wa mama? Unaitwa Horseshoe Bend, uko mji wa Page, saa mbili na nusu nyingine kutoka South Rim. Asubuhi nikakodi gari, nikabadilisha tiketi za kurudi ili tuondokee Phoenix.

South Rim ilitupokea kwa baridi ambayo hatukuitegemea. Sisi tulisikia jangwa tukafungasha nguo nyepesi, mama na kanga zake mbili. Kumbe ukingo ule uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko geti la Marangu, na umezungukwa na msitu wa misonobari. Majira ya baridi theluji inaanguka. Joto la jangwa lipo, ila liko chini kule mtoni, ambako kiangazi linapita nyuzi 40, na ndiyo maana wahifadhi wanabandika mabango kila mahali kuonya watu wasijaribu kushuka mtoni na kupanda siku moja. Nilimnunulia mama sweta dukani kijijini pale, bei ya kitalii, sikujali.

Kiingilio kwa gari kilikuwa dola 35 kwa siku saba kwa asiye na kadi. Sisi tuliingia kwa kadi yangu.

Sasa nikueleze kilichonifurahisha kuliko vyote. Mama aliposimama Mather Point mara ya kwanza, alivuta pumzi kisha akasema kwa sauti ya mwalimu, "Hili ni bonde la ufa." Nilidhani hivyo pia. Korongo kubwa namna ile, pana hadi kilomita 29 na lenye kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, utafikiri ardhi ilipasuka kwa tetemeko. Karibu na hapo kuna jumba la makumbusho la Yavapai, lina madirisha makubwa yanayotazama korongo na maelezo ya miamba. Mama alisoma kila kibao. Alitoka amebadilisha somo. Bonde letu la Ufa limetokea kwa sababu ardhi inavutwa pande mbili na katikati inadidimia. Hapa ni kinyume: ardhi iliinuliwa, na mto uliokuwa na mchanga na mawe tumboni ukaendelea kukata kwenda chini kwa miaka milioni tano au sita, huku mvua, barafu na maporomoko yakipanua kingo. Kwa hiyo miamba ni ya kale sana, ya chini kabisa ina miaka karibu bilioni 1.8, lakini korongo lenyewe ni changa. Watu huchanganya umri wa miamba na umri wa korongo. Hata mwongoza watalii wa lile basi la Vegas alivichanganya.

Kuanzia hapo kuna njia ya miguu ya sakafu ngumu, imewekewa alama ardhini kila mita moja, na kila mita ni miaka milioni. Pembeni wamepanga mawe halisi ya korongo unayoruhusiwa kuyagusa. Mama alitembea akihesabu kwa sauti, anagusa kila jiwe kama anayekagua madaftari. Magoti yalimsimamisha kwenye miaka milioni mia tano hivi. Akaomba tupumzike kwenye benchi, akasema, "Ningekuwa na darasa la saba hapa leo." Mabasi ya ndani ya hifadhi ni ya bure na yanashusha ngazi kwa wazee. Kwa sehemu hii natoa nyota tano bila kufikiri mara mbili.

Kuna mambo mengine tuliyasikia kwa watalii wenzetu yakanisikitisha kwa sababu yanawagharimu watu muda na fedha. Baba mmoja alitaka aende ukingo wa kaskazini akale chakula cha mchana arudi, kwa kuwa anauona kwa macho. Kwa ndege anayeruka ni kilomita 16. Kwa gari ni zaidi ya 330, unazunguka mpaka daraja la Navajo, na majira ya baridi upande huo unafungwa. Wengine walikuwa wanauliza maporomoko ya maji ya buluu ya Havasu yako kituo gani cha basi. Yako kwenye ardhi ya kabila la Wahavasupai, unahitaji kibali na kutembea kilomita 16 hivi. Tena usiyachanganye na mji wa Lake Havasu City, ambao uko mbali na hapo na una daraja la zamani la London lililohamishiwa huko. Na si kweli kwamba hili ndilo korongo lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Humohumo Marekani Hells Canyon linalipita.

Njiani kwenda Page tulisimama Desert View, kwenye mnara wa mawe wa mwaka 1932 uliosanifiwa na Mary Colter. Kama una muda wa kituo kimoja tu cha kuuona mto vizuri ukiwa ukingo wa kusini, chagua hicho.

Tulipoingia ardhi ya kabila la Wanavajo simu yangu ikaruka saa moja mbele. Nikadhani tumechelewa miadi ya Antelope Canyon, karibu na Page, nikaendesha kwa wasiwasi. Kumbe Arizona haisogezi saa mbele majira ya kiangazi, lakini Wanavajo wanasogeza, na ziara za pale Page zinafuata saa ya Arizona. Tulifika mapema mno. Weka saa ya mkononi, usiitegemee simu.

Antelope Canyon nayo watu huiita sehemu ya Grand Canyon. Siyo. Ni ufa mwembamba wa mwamba wa mchanga, umechongwa na mafuriko ya ghafla ya mvua, na huingii bila mwongozaji wa Kinavajo. Usilione hilo kama usumbufu: mwaka 1997 mvua iliyonyesha mbali ilileta maji mle ndani yakaua watalii 11. Tulichagua Antelope ya juu kwa sababu ndani yake unatembea sakafu tambarare. Ile ya chini ina ngazi za chuma zilizosimama, si za magoti ya mama.

Jioni tukaenda Horseshoe Bend. Maegesho dola 10, halafu unatembea kama kilomita moja na kidogo kwenye njia iliyosawazishwa. Mama alikataa kushikwa mkono. Alipofika kwenye uzio akatazama chini mita mia tatu, mto ukiwa kama alivyouacha ukutani Moshi, akaweka kanga mdomoni.

Baadaye akauliza mbona maji ni ya kijani, na Colorado kwa Kihispania maana yake ni mwekundu. Nilikuwa nimesoma jibu usiku ule wa Vegas: kilomita chache kabla mto haujafika pale kuna bwawa la Glen Canyon, linalozuia udongo mwekundu uliokuwa ukiupa mto rangi na jina. Na hata pale, nikamwambia, hatuko Grand Canyon. Hii ni Glen Canyon. Grand Canyon inaanzia Lees Ferry, mbele kidogo ukiufuata mto huu unakoteremka.

"Kwa hiyo kalenda imenidanganya miaka yote hii," akasema.

Alirudi Moshi wiki tatu baadaye. Mdogo wangu alinitumia picha ya sebule: kalenda iko palepale, lakini juu ya maandishi ya chini mama amebandika kipande cha karatasi, na kwa mwandiko wake wa ubaoni ameandika, Horseshoe Bend, Page, Arizona.