NVDA kama kipimo cha tovuti: makosa inayoyanasa na yanayoiponyoka

Programu zinazopekua msimbo na kutoa orodha ya makosa zina faida yake, lakini hazikwambii ukurasa unasikikaje. Zitathibitisha kwamba picha ina maandishi mbadala. Nyingi hazitashtuka kwamba maandishi yenyewe ni "picha1" au jina la faili. Kwa hilo unahitaji kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, na kwa mtengeneza tovuti mwenye kompyuta ya Windows, NVDA ndiyo ya kuanza nayo.

Ni ya bure kabisa, ya chanzo huria, chini ya leseni ya GPL. Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, aliianza mwaka 2006, kisha akajiunga naye James Teh, naye pia asiyeona. Leo inasimamiwa na shirika lao la NV Access. Ukurasa wa kupakua utakuomba mchango, lakini hulazimishwi. Mshindani wake mkubwa, JAWS, ni programu ya kulipia, na bila leseni hufanya kazi dakika 40 tu kabla ya kukudai uwashe kompyuta upya. Katikati ya ukaguzi wa fomu ndefu, huo ni usumbufu wa kutosha.

Faili la kusakinisha linakupa njia tatu: kuisakinisha, kuijaribu kwa muda bila kusakinisha, au kutengeneza nakala ya kubebeka ya kuweka kwenye flashi. Mkaguzi anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine achague hiyo ya tatu. Dirisha la kukaribisha likitokea, chagua mpangilio wa kibodi wa laptopu ikiwa ndiyo unayotumia, na uweke alama ili CapsLock iwe kitufe cha NVDA (kile kinachobonyezwa pamoja na vingine kuipa programu amri), kwa sababu laptopu nyingi hazina Insert mahali panapofikika.

Saa ya kwanza huwashinda wengi. Sauti inamimina maneno mfululizo na mtu anaifunga. Jifunze mambo matatu kabla ya yote: Ctrl huinyamazisha, kitufe cha NVDA pamoja na Q huifunga, na kwenye menyu ya NVDA (NVDA na N), chini ya Zana, kuna kitazama usemi, yaani dirisha linaloandika kila neno linalotamkwa. Dirisha hilo peke yake linatosha kuisifu programu hii. Mkaguzi kiziwi anaweza kulitumia, na mwenye kusikia ananakili maneno yake moja kwa moja kwenye ripoti.

Sasa fungua ukurasa unaoukagua. Usianze kwa kuusikiliza wote kutoka juu hadi chini. Watumiaji wazoefu hawasomi hivyo. Bonyeza H uruke kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ikiwa huendi popote, basi vichwa vya ukurasa huo ni maandishi yaliyokuzwa na kukolezwa tu, na kwa asiyeona ukurasa mzima ni aya moja isiyo na mlango. D inakupeleka kwenye maeneo makuu, F kwenye sehemu za fomu, B kwenye vitufe, T kwenye majedwali. NVDA na F7 hufungua orodha ya viungo vyote, na hapo ndipo utakapokutana na "Soma zaidi" mara kumi na mbili bila kujua kipi kinakwenda wapi.

Fomu ndizo zinazofichua mengi. NVDA ina hali mbili. Katika hali ya kuvinjari, mishale inapita kwenye ukurasa kama kwenye hati. Ukiingia kisanduku cha kuandikia kwa Tab, hubadilika yenyewe kuwa hali ya kuandika, na sauti fupi hukujulisha. Kuanzia hapo mtumiaji anaruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, na chochote kilichoandikwa katikati hakisikiki. Kwa hiyo maelezo kama "nenosiri liwe na herufi nane" yakikaa chini ya kisanduku bila kuunganishwa nacho kwa aria-describedby (sifa ya HTML inayofunga maelezo na kisanduku chake), atayakosa. Ujumbe wa kosa wenye rangi nyekundu una hatima ileile. Kila kisanduku kiwe na label yake halisi. Maneno hafifu yaliyomo ndani ya kisanduku hutoweka mara mtu anapoanza kuandika, na hayawezi kubeba kazi hiyo.

Ujumbe unaochipuka bila ukurasa kubadilika, mfano "bidhaa imeingia kikapuni", nao hunaswa vizuri. NVDA isipousema, angalia kama uko ndani ya eneo lenye role="status", yaani eneo ambalo kisoma skrini hutangaza chenyewe maneno mapya yanayoingia. Kosa la kawaida ni kuliingiza eneo hilo likiwa tayari na maneno yake. Liwepo tangu mwanzo likiwa tupu, kisha maneno yatiwe ndani.

Kwa tovuti za Kiswahili kuna jaribio moja lisilopaswa kurukwa. Bonyeza NVDA, Ctrl na S, chagua eSpeak NG, mtambo wa usemi wenye sauti ya Kiswahili, kisha sikiliza. Violezo vingi vya tovuti huja na lang="en", yaani tamko kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, na NVDA hutii: inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza hadi hakieleweki. Badilisha iwe lang="sw" na sauti itajirekebisha. Ni herufi mbili tu, lakini zikikosewa kila ukurasa unaharibika. Sauti yenyewe ya eSpeak ni kavu na ya kimashine, hilo halifichiki, ila kwa ukaguzi inatosha.

Udhaifu wake mkubwa kwa mkaguzi ni kwamba NVDA ni mpole mno mahali pamoja. Mtengenezaji akiweka div (kisanduku cha HTML kisicho na maana yake) yenye tukio la kubofya badala ya kitufe cha kweli, NVDA itatangaza kwamba kinabofyeka, na ukibonyeza Enter katika hali ya kuvinjari, kitafanya kazi. Mkaguzi anaandika "sawa" na kuendelea. Lakini mtu anayeona asiyeweza kushika kipanya, anayetegemea Tab peke yake, hafiki kabisa kwenye kitu hicho. Ndiyo maana Tab, Shift na Tab, Enter na kitufe cha nafasi vijaribiwe kwanza NVDA ikiwa imezimwa, ukitazama kama alama ya mahali ulipo inaonekana wakati wote. Kuongeza tabindex="0" na role="button" ni nusu ya tiba tu: bado utalazimika kuandika msimbo wa Enter na wa nafasi. Elementi ya button inaleta yote hayo bila kuombwa, na hakuna sababu nzuri ya kuikwepa.

Kuna mengine ambayo haigusi kabisa. Haitakwambia kwamba maandishi ya kijivu hayafikii tofauti ya rangi ya 4.5:1 inayotakiwa na WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti (3:1 kwa maandishi makubwa), wala kwamba vitufe ni vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24 za toleo la 2.2 la mwaka 2023, wala kwamba video haina manukuu. Na haimo kwenye simu. Huko kuna visoma skrini vingine, TalkBack ya Android na VoiceOver ya iPhone, vyenye tabia zao.

Jaribu kwenye Firefox na Chrome zote mbili, kwani kitu kimoja kinaweza kutangazwa tofauti. Ukiripoti kosa, taja toleo la NVDA, toleo la kivinjari, hali uliyokuwamo na maneno kamili kutoka kitazama usemi; bila hayo, atakayelirekebisha huenda asilione.