Jedwali la maji la Kilindini linajuaje ya kesho?

Mvuvi wa Tudor, au mwenye boti ya kupeleka wageni miambani Nyali, atafaidika zaidi na jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linalotaja saa na vimo vya maji kujaa na kupwa, kuliko programu nyingi za simu.

Wazee wa pwani hupiga hesabu kwa mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa zaidi, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Jedwali nalo limetokana na kuona, ila limechambua wimbi la kila chanzo peke yake. Wimbi la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, la jua kila saa 12. Vipimo vya wiki moja havitoshi kuyatenganisha, kwani huachana na kukutana tena kwa karibu siku 15.

Hapo ndipo linapouma swali la mwanafalsafa David Hume la 1748: yaliyoonekana jana yanatupa haki gani ya kusema ya kesho? Ukijibu kwamba siku zote imekuwa hivyo, umeitegemea jana ileile iliyoulizwa. Jedwali halimjibu Hume. Hata hivyo linataja sababu, mvuto wa mwezi na jua, na kwa hiyo tunajua litakosea wapi. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikishuka milibari 1, maji hupanda kama sentimita 1. Tsunami iliyofika pwani ya Kenya tarehe 26 Desemba 2004 haikuwamo katika jedwali lolote.

Ukitaka kupima programu, usiipime siku za bamvua tu. Mwanasaikolojia Peter Wason alionyesha mwaka 1960 kwamba watu hutafuta mifano inayokubaliana na dhana yao. Ipime siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, saa zinapokuwa ngumu kubashiri. Angalia pia kama inatumia saa za Kenya. Tofauti ya saa 3 inatosha kukupandisha mwambani.

Vimo vya jedwali navyo huanzia sifuri ya ramani ya bahari, yaani usawa wa chini ambao vina vya ramani hupimwa kutoka hapo, kwa hiyo ongeza kina kilichoandikwa ramanini. Kati ya kujaa na kupwa, gawa mshuko sehemu 12: saa ya kwanza 1, kisha 2, 3, 3, 2, 1. Bamvua ikishuka mita 3, saa mbili za katikati huondoa mita 1.5.